Kaimu wa Ruta

"Failover" ukiifasiri neno kwa neno, unapata "kushindwa kupita", na hapo hakuna atakayekuelewa. Mimi nasema ukaimu. Mkurugenzi akisafiri, kaimu hukalia kiti kilekile, barua huletwa mlango uleule, na tarishi hana haja ya kujua nani yumo ndani.

Itifaki ya VRRP, iliyochapishwa mwaka 1998, hufanya hivyo hasa. Ruta mbili hupewa anwani moja ya IP ya pamoja, anwani ya kiti, na kompyuta zote huelekezwa huko. Ruta kuu hutangaza kila sekunde 1 kwamba ipo. Ikinyamaza kama sekunde 3.6, kwa mipangilio ya kawaida, ya pili hushika kiti. Wapo wanaopendelea neno akiba. Si baya, ila tairi la akiba limelala kwenye buti, na ruta hii iko macho, inasikiliza.

Sasa swichi. Zile ndogo za poti 5 au 8, unachomeka umeme na kebo basi, naziita swichi zisizosanidika: hazina ukurasa wa kuingia wala nenosiri. Wengi hudhani ukaimu hauwezekani juu yake. Unawezekana. Swichi hiyo haijui habari za IP. Inachojua ni anwani ipi ya MAC, ile ya kifaa chenyewe, imesikika poti ipi. Kiti nacho kina MAC yake, inayoanza na 00-00-5E-00-01. Kaimu akishakikalia, hupaza sauti kwa tangazo la ARP, la kusema IP hii iko kwenye MAC hii, ambalo hakuna aliyeliomba. Swichi inasikia MAC ileile ikitokea poti ya 4 badala ya 1, inajisahihisha, kazi inaendelea. Asipotuma chochote kwa MAC hiyo, swichi inaweza kuendelea kupeleka data kwenye poti ya marehemu hadi kumbukumbu yake iishe muda, aghalabu dakika 5.

Tatizo liko kwingine. Swichi yenyewe ikiungua, ruta mbili ni mapambo. Mtu huongeza swichi ya pili, kisha anaziunganisha kwa kebo mbili, eti moja ya akiba. Hapo ameunda duara. Fremu ya Ethernet haina hesabu ya kuikomesha njiani kama pakiti ya IP; tangazo moja huzunguka na kuzaana hadi taa zote zinapepesa pamoja na mtandao umelala. Dawa aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, ya kuzima njia moja kimakusudi, kwa kawaida swichi hizi hazina. Basi weka kebo moja, ukijua kwamba ikichomoka, na kila ruta iko kwenye swichi yake, kila moja itajiona ndiyo yenye kiti.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha faiba ya nje kukatika. Ruta kuu haijafa. Upande wa ndani inaendelea kutangaza, nipo, nipo, kila sekunde. Kaimu anasikia bosi yupo, anatulia. Ofisi nzima haina intaneti, na laini ya kaimu, nzima kabisa, iko pale pembeni, mpaka fundi aiagize ruta kuu kuichunga laini yake ya nje na kujishusha cheo inapokatika.