Sauti Hafifu katika Hedifoni: Historia ya Viwango Visivyolingana kati ya Kompyuta na Kadi ya Sauti ya Nje

Mtumiaji wa kompyuta anayeunganisha hedifoni zake na kadi ya sauti ya nje kupitia tundu la USB hutarajia sauti kubwa na safi kuliko ile ya kompyuta yenyewe. Mara nyingi hupata kinyume chake: vidhibiti vyote vimefikishwa mwisho, na sauti bado ni hafifu. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba kifaa ni kibovu au ni cha bei rahisi. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Hoja yake ni kwamba, mara nyingi, hakuna kilichoharibika. Kinachoonekana kuwa hitilafu ni kukutana kwa vifaa vilivyosanifiwa katika zama tofauti, kila kimoja kikiwa na dhana yake kuhusu umeme utakaokifikia. Kwa mtafiti wa historia simulizi anayenakili mahojiano yaliyorekodiwa, suala hili si dogo. Neno lisilosikika ni ushahidi uliopotea.

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliliuzia Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo hedifoni alizoziunda mwenyewe. Vipokezi vya redio vya wakati huo havikuwa na amplifaya. Umeme hafifu uliotoka kwenye waya wa antena ndio uliotikisa kiwambo cha hedifoni moja kwa moja. Hivyo koili zilizungushwa kwa waya mwembamba mara maelfu, na ukinzani wa omu 2,000 au zaidi ukawa jambo la kawaida. Katika mazingira hayo, ukinzani mkubwa ulikuwa sifa njema, si kasoro.

Dhana hiyo ilidumu hata baada ya teknolojia kubadilika. Kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilitoa DT 48 mwaka 1937, hedifoni yenye koili inayosogea ndani ya uga wa sumaku, na Sennheiser ikatoa HD 414 mwaka 1968 ikiwa bado na omu 2,000. Mitambo ya studio ilikuwa na volteji ya kutosha, na ukinzani mkubwa uliwezesha hedifoni kadhaa kuunganishwa kwenye laini moja bila kuilemea. Hii ndiyo sababu beyerdynamic imeendelea kuuza DT 990 katika matoleo ya omu 250 na 600 pamoja na lile la omu 32. Mnunuzi anayesoma tarakimu hizo kana kwamba ni madaraja ya ubora, kubwa ikiwa bora zaidi, ameisoma historia vibaya. Tarakimu hizo zinaeleza kifaa kiliundwa kwa ajili ya chanzo gani.

Mwachano mkubwa ulitokea mwaka 1979, Sony ilipotoa Walkman. Chombo hicho kilitumia betri mbili, jumla ya volti 3. Volteji ndogo kiasi hicho haikuweza kutosheleza hedifoni za studio, na hivyo soko la vyombo vya kubebeka likaelekea kwenye ukinzani mdogo. Hesabu yake ni nyepesi: nguvu ni volteji mara volteji, ikigawanywa kwa ukinzani. Volti 1 kwenye omu 32 hutoa takriban miliwati 31. Volti hiyohiyo kwenye omu 250 hutoa miliwati 4 tu. Kama hedifoni zote mbili zina ufanisi sawa, tofauti ni karibu desibeli 9, na msikilizaji yeyote huitambua mara moja.

USB iliingia katika mgawanyiko huu mwaka 1996 ikiwa na volti 5 na mkondo usiozidi miliampea 500. Haikubuniwa kwa ajili ya sauti. Kanuni za vifaa vya sauti zilifuata mwaka 1998. Kutokana na bajeti hiyo ndogo, kadi ya sauti inapaswa kulisha saketi zake za dijitali, amplifaya ya maikrofoni na, katika kadi nyingi za kurekodia, volti 48 zinazohitajiwa na maikrofoni za kondensa. Hedifoni hupata kinachobaki. Bila saketi ya kupandisha volteji, mawimbi yanayopanda na kushuka ndani ya volti 5 hayawezi kuzidi wastani wa volti 1.8 hivi. Ili hedifoni ya omu 250 ipate miliwati 31 zilizotajwa hapo juu, zinahitajika volti 2.8.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ukinzani mdogo huponya kila kitu. Kiwango cha kimataifa IEC 61938 cha mwaka 1996 kilipendekeza chanzo chenye ukinzani wa omu 120. Hedifoni ya omu 32 ikichomekwa katika chanzo cha namna hiyo hupokea takriban asilimia 21 tu ya volteji. Ile ya omu 250 hupokea asilimia 68. Hali huwa mbaya zaidi hedifoni inapochomekwa katika tundu la laini, ambalo lilikusudiwa kulisha amplifaya na si koili. Umbo la plagi halimwonyi mtumiaji, kwa kuwa plagi ile kubwa ya robo inchi ilirithiwa kutoka swichibodi za simu za karne ya 19 na hutumika kwa kazi zote mbili.

Tabaka la programu ndilo jipya zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kidhibiti cha programu inayocheza sauti, kidhibiti cha mfumo endeshi na kile kilichomo ndani ya kadi yenyewe huzidishana. Viwili vikipunguza volteji hadi nusu kila kimoja, kinachobaki ni robo, yaani pungufu la desibeli 12. Aidha, Windows 7 ya mwaka 2009 ilileta mpango wa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 kila mfumo unapotambua mawasiliano ya simu, na mpango huo ulikuwa umewashwa tangu mwanzo. Wengi wamelaumu kadi zao kwa kosa la mpangilio huu.

Uchunguzi wa tatizo unapaswa basi kuanza na tabaka jipya na kurudi nyuma: kwanza vidhibiti vyote vya programu, kisha tundu, kisha ukinzani wa hedifoni ukilinganishwa na volteji iliyoandikwa katika maelezo ya kadi. Jaribio la haraka ni kuchomeka hedifoni ya omu 32 katika kadi ileile. Ikisikika vizuri, kadi ni nzima, na amplifaya ya hedifoni yenye umeme wake yenyewe itatosha. Ikiwa nayo ni hafifu, afungue rekodi nyingine kabla ya kununua chochote. Huenda mahojiano yenyewe yalirekodiwa kwa kiwango cha chini, na hapo amplifaya itapandisha pamoja na maneno ya msimulizi ule mvumo wa feni uliokuwa chumbani siku ile.