Fundi Konde Aliishika CD Yake Akiwa Hai. Wazee Wetu Je?

Kuna aina ya wimbo ambao Songea nzima inaujua, ila ukiuliza ni wa nani kila mtu anakuna kichwa. Jumapili jioni redio inapiga zilipendwa, baa ya Bombambili inaitikia, bodaboda wa Mfaranyaki anapiga mluzi, na hata wewe uliyezaliwa miaka ya 2000 unajikuta unaimba kiitikio. Wimbo ukiisha yanaingia matangazo. Jina la mwimbaji halijatajwa, mwaka haujatajwa. Wimbo umebaki yatima.

Stori ya leo ni ya mzee mmoja ambaye nyimbo zake ziliponea chupuchupu kuwa yatima wa namna hiyo. Anaitwa Fundi Konde, na kilichomuokoa ni kitu kimoja tu: albamu ya mkusanyiko iliyotoka mwaka 1994, wakati yeye mwenyewe bado anapumua.

Kabla ya Elvis

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo utamu ulipo. Elvis Presley alirekodi singo yake ya kwanza studio za Sun, Memphis, Julai 1954. Chuck Berry, ambaye wengi wanamhesabu kama baba wa gitaa la rock and roll, alitoa "Maybellene" mwaka 1955. Sasa cheki jina la albamu ya mzee wetu: Retrospective Vol. 1 (1947-56). Yaani Konde anaanza kuhesabiwa miaka saba kabla Elvis hajarekodi singo yake ya kwanza Sun.

Tuelewane lakini: Konde hakuwa mwanamuziki wa rock and roll. Yeye alikuwa mtu wa rumba na mitindo ya dansi ya enzi hizo, nyimbo za Kiswahili laini, sauti imetulia. Kinachowafanya yeye na Berry wawe watu wa kundi moja ni umri na chombo. Konde alizaliwa 1924, Berry 1926. Wote walikuwa vijana wakati gitaa linaanza kuchomekwa kwenye umeme, na Konde anatajwa miongoni mwa wa kwanza kabisa Kenya kupiga gitaa la umeme. Kwa hiyo ukimuona kijana leo amejipiga picha na gitaa jekundu kisha anaandika "tumeanzisha kitu kipya", mwambie taratibu kwamba kuna babu alishapita hapo.

Kutoka Kilifi hadi Burma

Konde alikuwa Mgiriama, mtoto wa pwani ya Kenya upande wa Kilifi. Vita Kuu ya Pili ilipowaka aliingia jeshini, kwenye kikosi cha burudani cha askari wa Afrika Mashariki. Kazi yao ilikuwa kuwachangamsha askari, na kazi hiyo iliwafikisha India, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Burma.

Hapa ndipo habari inapogusa kwetu. Tanganyika ilitoa makumi ya maelfu ya askari katika vita hiyo, na vijana wa kusini walikuwemo. Wazee waliowaita "keya" walikuwa wanamaanisha hao, askari wa King's African Rifles. Kambini Mngoni, Mgiriama, Mganda na Mnyasa walikaa hema moja na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Muziki wa Kiswahili ulipata wasikilizaji ambao hakuna ukumbi wa Nairobi au Dar ungeweza kuwakusanya.

Vita ikaisha, Konde akarudi na akaingia studio Nairobi. Santuri za wakati huo zilikuwa zile nzito, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, na ukiangusha moja imevunjika kama sahani. Upande mmoja ulibeba dakika kama tatu tu. Kwenye dakika hizo tatu ndimo zilimoingia "Mama Sowera" na "Kipenzi Waniua".

Na Songea zilifikaje? Fikiria jiografia: kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, na lami ya Makambako hadi Songea ilikuja miaka ya 1980. Kituo cha redio cha Dar es Salaam chenyewe kilianza 1951. Kabla ya hapo muziki ulisafiri na watu. Wanaume wengi wa Songea walikwenda umanamba, kukata mkonge Tanga na Morogoro, na miongoni mwa vitu ambavyo mtu wa zama zile alitamani kurudi navyo nyumbani ni gramafoni. Ukiwa nayo, kijiji kizima kinahamia kwako jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa bluetooth spika ya bibi na babu.

Mzee anapigiwa hodi

Miaka ya 1960 ikaleta twist, vijana kama Daudi Kabaka wakashika usukani, na jina la Konde likaanza kupoa. Santuri za 78 zikaacha kutengenezwa. Mashine za kuzipigia zikaharibika. Ukitaka kumsikiliza Konde miaka ya 1970 au 1980, ilibidi umjue mtu mwenye santuri nzima na mashine nzima, na hao walikuwa wachache.

Halafu lebo ndogo ya Uingereza, RetroAfric, ikakusanya rekodi zake za miaka ile tisa na kuziweka kwenye CD moja. Mwaka ni 1994, Konde anatimiza miaka 70. Ghafla mzee ana kazi yenye jalada, jina lake juu, tarehe mwanzo na mwisho. Uzeeni huko huko akafanya kolabo na Them Mushrooms, bendi ile ile ya "Jambo Bwana". Alifariki Juni 2000, akiwa ameshaona watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati anarekodi wanasikiliza nyimbo zake.

Wengine watasema "si CD tu?". Hapana. Angalia CD ilifanya nini. Nyimbo zilizokuwa zimetawanyika kwenye makabati ya watu zikawa mahali pamoja. Nyimbo zisizo na mwaka zikapewa kipindi. Na sauti ambayo watu walikuwa wanaiita "ule wimbo wa zamani" ikapata mwenyewe. Chuck Berry naye alifanyiwa hivyo mwaka 1982, nyimbo 28 za kati ya 1955 na 1965 kwenye albamu moja, The Great Twenty-Eight, na wapo watu hadi leo ambao mlango wao wa kuingia kwa Berry ni huo. Tofauti ni kwamba Berry asingesahaulika hata bila albamu: mwaka 1977 Wamarekani walishaupeleka wimbo wake angani na chombo cha Voyager. Konde hakuwa na Voyager. Alikuwa na ile CD.

Waliochelewa

Bahati ya Konde inaonekana vizuri ukiiweka pembeni ya wenzake.

Salum Abdallah wa Morogoro, mwanzilishi wa Cuban Marimba, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mkusanyiko wake mkubwa, Ngoma Iko Huku, ulitoka kupitia lebo ya Ujerumani iitwayo Dizim miaka kama 35 baadaye. Mbaraka Mwinshehe, yule fundi wa gitaa la Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alikufa kwa ajali Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34. Mfululizo wa mikusanyiko yake uliotolewa Kenya unaitwa Ukumbusho. Jina lenyewe linakwambia mwenye nyimbo hayupo.

Umeona na kitu kingine? RetroAfric ni ya Uingereza. Dizim ni ya Ujerumani. Zanzibara, mfululizo ambao una hadi albamu ya muziki wa Tanzania ya miaka ya 1960, unatolewa na Buda Musique ya Ufaransa. Hao watu wamefanya kazi nzuri na wanastahili asante. Ila swali linabaki: kwa nini kabati la kumbukumbu zetu linafunguliwa kutoka huko?

Mtu wa Songea analijua swali hili kuliko mtu wa mji mwingine wowote. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita ya Majimaji, na familia yake imekuwa ikitafuta fuvu lake linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa hapa Songea, akaomba msamaha na akaahidi kusaidia kulitafuta. Fuvu la shujaa si santuri, wala hakuna anayelinganisha vitu hivyo viwili. Lakini ugumu wa kutafuta unatoka sehemu moja: boksi lisilo na jina. Kitu kikihifadhiwa bila jina, mwenyewe akija kukidai anaambiwa athibitishe.

Kilichoipata "Malaika"

Kama unadhani jina na mwaka ni mambo ya wazee wa maktaba, uliza kuhusu "Malaika". Huo ndio wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia kuliko karibu wote. Fadhili William aliurekodi Nairobi miaka ya 1960, Miriam Makeba akaupeleka kwenye majukwaa makubwa, Boney M wakautoa 1981. Lakini mtunzi ni nani? Fadhili alisema ni yeye. Adam Salim, mwanamuziki wa Tanganyika aliyeishi Nairobi, alisema aliutunga miaka ya 1940. Wako na wengine waliotajwa. Mpaka leo watu wanabishana, na wahusika wenyewe wameshatangulia.

Hapo kuna pesa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile iliyoizaa COSOTA, ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, ili watoto wake wale jasho la mzazi. Kwa hesabu hiyo ya miaka 50, saa ya Salum Abdallah ilishapiga 2015. Ya Mbaraka inaishia 2029. Na Kenya, ambako hesabu ni hiyo hiyo, familia ya Konde ina nafasi mpaka 2050. Ila saa hiyo inakusaidia kama unaweza kuonyesha kwamba wimbo ni wa mzee wako. Bila ushahidi, prodyuza wa leo anachukua kipande cha gitaa la babu, anakiweka kwenye biti, kinavuma TikTok, na familia inasikia kwa jirani.

Na Ruvuma?

Ruvuma siyo mkoa usio na sauti. Oktoba 1999 nchi ilipomlilia Mwalimu Nyerere, sauti iliyotawala maombolezo ilikuwa ya Kapteni John Komba wa TOT, mtoto wa Ruvuma ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi. Alifariki Februari 2015. Watu wazima wa umri wa miaka 30 na kuendelea bado wakisikia nyimbo zile wananyamaza. Lakini Komba alikuwa mtu mkubwa, alikuwa na chama, redio na kamera nyuma yake. Wanaotia wasiwasi ni wale wasio na kamera: mpiga besi wa bendi ya zamani, bibi aliyeongoza kwaya ya parokia miaka 40, fundi wa lizombe ambaye kila msiba na kila harusi aliitwa yeye.

Nyimbo za watu hao ziko wapi? Ziko kwenye kaseti iliyojikunja, kwenye memori kadi ya simu iliyopotea, na kichwani mwao. Wakiondoka, zinaondoka.

Habari njema ni kwamba siku hizi huhitaji lebo ya London. CD ya Konde ilihitaji mtu wa kutafuta santuri, mtambo wa kuzisafisha na kiwanda cha kuchapa. Leo kazi kubwa ni ile isiyo na gharama: kumuuliza mzee wimbo unaitwaje, alitunga nani, nani alipiga nini, mwaka gani, wapi, kisha kuandika. Ukipandisha video mtandaoni, andika jina lake kamili pale chini, usiandike "mzee noma sana" ukaishia hapo.

Konde tunamhesabu kuanzia 1947 kwa sababu kuna mtu aliiandika hiyo tarehe. Simu uliyoshika sasa hivi inarekodi sauti safi kuliko mashine zote alizowahi kuimbia. Na mzee wa bendi yupo mtaa wa pili, anaanika mahindi, hajaulizwa.