Shaba ya Kilwa na Mapenzi ya Vitu Duni

Msafiri atokaye Somanga akishika njia ya kusini hufika Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji huiona Kilwa Kisiwani, ambako masultani wa zamani walipiga sarafu zao wenyewe. Nyingi ni za shaba, ndogo, nyembamba. Apendaye uzuri atazidharau: hazina tarehe, hata zilizo za sultani mmoja huzidiana uzito, na maandishi yake mara nyingi yamepogoka au yamekatwa ukingoni.

Mpenzi wa ushairi hatazitupa upesi. Upande mmoja pana jina la sultani. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyochaguliwa ili yafuate kina cha jina lile. Mnunuzi wa samaki alilipa kwa shairi fupi pasipo kujua.

Nyingine ni za ajabu zaidi. Zipo sarafu zenye jina la Nasir al-Dunya, nazo zimeokotwa Kilwa na Mafia. Jina hilo halimo miongoni mwa watawala wanaotajwa na Kitab al-Sulwa, tarikhi kongwe ya Kilwa. Lau waliozikusanya wangaliteua nzuri tu, huenda jina hilo lingalipotea. Hapo ndipo ilipo faida ya kupenda kilicho duni: huhifadhi yale ambayo wateuzi huyaacha.

Lakini kupenda peke yake hakutoshi. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizitia koponi, zikakaa humo miaka mingi. Mwaka 1979 alizipeleka zikachunguzwe, ikabainika kuwa nne ni za Kiholanzi na tano ni za Kilwa. Namna zilivyovuka bahari hiyo yote ni mjadala hadi leo. Mjadala huo usingalikuwapo kama Isenberg asingalichora ramani na kutia alama mahali alipoziokota. Pasipo ramani, zingalikuwa shaba tisa tu.

Jambo hilo limeonekana hata katika vitu vya juzi. Mchezo wa video wa E.T., uliotolewa na Atari mwaka 1982, hutajwa miongoni mwa michezo mibaya kupita yote. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilizika shehena ya kaseti za michezo, E.T. ikiwamo, katika jaa la Alamogordo, Marekani. Zilipofukuliwa mwaka 2014, wakusanyaji waligombea kuzinunua mnadani, zikiwa na hati za mji kuthibitisha kuwa zimetoka shimoni humo. Ubovu wa mchezo haukupungua. Kilichonunuliwa ni habari ya mahali.

Kibaya chako si chema cha mwenzio, wasema wahenga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda sarafu hizi, lakini sheria haiwezi kusimama kila ufukwe mawimbi yanapofukua mchanga. Aokotaye shaba na kuiuza bila kusema ilikolala humwachia mnunuzi chuma, na pwani huikosesha ushahidi. Duni ipendwe, na mahali pake paandikwe.