Maradhi Yaliyotupitia Kibwezi



Taarifa ya mwaka haikamiliki kwa hesabu ya fedha peke yake. Yafaa tukumbuke pia maradhi yaliyotupitia, ili vijana wapate mafunzo.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti, wakiongozwa na Dokta James Stewart, walianzisha misheni hapa Kibwezi. Homa iliwaua kadhaa wao, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa Kikuyu. Kwa muda mrefu hata matabibu wa Ulaya walidhani homa hiyo huletwa na hewa mbaya, mpaka Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko Bara Hindi, mwaka 1897. Basi kutojua si aibu ya Mkamba peke yake.

Wageni walipokuwa wakihama, mvua zilikatika. Njaa ya miaka ya 1898 na 1899 ilishika nchi nzima, hata wazee wakaiita Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Ndui ikaifuata, ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Wapo waliosema kwamba reli iliyokuwa ikijengwa kupita kwetu ndiyo iliyofukuza mvua. Lakini ndui haikukomeshwa kwa kutafuta wa kulaumiwa. Ilikomeshwa kwa chanjo, hata mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imetoweka duniani.

Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa sura nyingine. Katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu waligeuka manjano macho, wakavimba matumbo.  Madaktari walipopima chakula, wakaona sumu ya kuvu ndani ya mahindi. Waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliougua walielekea zaidi kuliko wengine kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Twajua kwa nini: mwaka wa njaa mtu huogopa wezi, huvuna mapema, na mavuno yake hulala naye chumbani. Adui tuliyemtafuta mbali alikuwa karibu na kitanda.

Katika mambo haya yote, watu walipona walipoacha kukisia wakachunguza. Na mara mbili njaa ndiyo iliyoufungua mlango. Kwa hiyo tuyaanike mahindi mpaka yakauke kabisa, tuyainue juu ya ardhi, wala tusile yaliyoota kuvu, kwa maana kupika hakuondoi sumu ile. Mgonjwa apelekwe zahanati upesi, kabla ya kuulizana nani amemroga.

Tena mwenye ghala tupu asiachwe peke yake. Mtu mwenye njaa hatupi mahindi yake mabovu, asipokuwa na jirani wa kumpa yaliyo mazuri. Kazi hiyo ndiyo iliyotukusanya katika chama hiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.