Foleni Iliyopita Digodigo

Kwanza tuweke jambo moja sawa, maana magazeti yetu hayakulisahihisha wakati ule na sasa limeshazoeleka. Babu wa Loliondo hakuwa Loliondo mjini. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliishi Samunge, kijiji cha Wasonjo, watu ambao wenyewe hujiita Batemi. Huko ni bondeni, kwenye mifereji ya umwagiliaji ambayo maji yake yamegawiwa na wazee, wenamiji, tangu enzi za mababu. Lakini "Loliondo" ilishaingia kwenye vichwa vya habari, ikakaa. Jirani na Samunge kuna Digodigo, na mwaka 2011 Digodigo ilitajwa, kama ilitajwa kabisa, kwa sababu moja tu: kuuliza foleni imefika wapi.

Wengi mnaikumbuka. Kikombe kimoja, shilingi 500, dawa iliyochemshwa kutokana na mti ambao Wasonjo huuita mugariga. Ilisemekana inatibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu, presha. Watu walitoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi. Wenye nazo walishuka na helikopta. Mwishoni mwa Machi msongamano ulizidi kiasi kwamba Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwa muda. Wagonjwa walikuwa wanafia njiani, na vyombo vya habari viliripoti vifo zaidi ya 50. Kuhusu kikombe kila mtu ana maoni yake: kuna waliocheka, kuna walioapa wamepona, na kuna walioacha dawa za kufubaza VVU wakidhani wamepona, jambo ambalo kwangu halina utani. Babu alifariki Julai 2021, na makala za kumbukumbu ziliandika tena kuhusu kikombe. Mimi nataka kuandika kuhusu foleni.

Nilikuwamo. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimemsindikiza mama mkubwa kutoka Karatu. Ugonjwa wake haukuwa na jina. Baada ya baba mkubwa kufariki alianza kuamka usiku wa manane moyo ukimwenda mbio, mikono inakufa ganzi, pumzi haitoshi, na ana uhakika kabisa kwamba anakufa sasa hivi, si kesho. Baada ya robo saa inapita. Hospitali moja walimpima presha, wakampima moyo, wakamwambia: "Mama, huna kitu." Najua aliyesema hivyo alitaka kumpa moyo. Ila mama mkubwa alirudi nyumbani na mizigo miwili badala ya mmoja: ule ugonjwa, na aibu ya kuumwa ugonjwa ambao haupo.

Leo hali ile ina maelezo ya kueleweka. Mwili una king'ora chake. Ukikutana na chatu njiani, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, pumzi inakimbia, damu inaelekezwa kwenye misuli ili ukimbie. Shambulio la hofu ni king'ora hicho hicho kinacholia bila chatu. Unapumua haraka mno, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Unaona dalili hizo, unaogopa zaidi, king'ora kinaongeza sauti. Kwa kawaida kinafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha kinashuka chenyewe. Hakiui. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliye katikati yake.

Tulilala garini siku tatu. Mvua za masika, matope, magari yamekwama, wenyeji wanapita wakiuza chai na uji. Na hapo niliona kitu ambacho sijakiona tena kwa ukubwa ule. Mjini, kumuuliza mtu usiyemjua "unaumwa nini?" ni kukosa adabu. Kwenye foleni ile ilikuwa ndiyo salamu. Watu walijibu! Wanaume wazima walisema habari za kibofu chao. Mama mmoja alimtaja mwanawe aliyekufa na akataja ugonjwa kwa jina lake, mwaka ambao majumbani kwetu bado ulikuwa unaitwa "ule ugonjwa".

Usiku wa pili, mama mmoja wa Musoma aliyekuwa kwenye gari la mbele yetu alikuja kuomba maji ya moto, akakaa. Katika mazungumzo akasema kuna usiku anaamka "kama mtu amenikalia kifuani, dada." Mama mkubwa aliweka kikombe cha chai chini.

"Nawe pia?"

Walizungumza mpaka alfajiri, mimi nikijifanya nimelala. Yule mama alikuwa na mbinu yake: shuka kitandani, kaa sakafuni, bandika nyayo chini, halafu wataje wanao mmoja mmoja polepole, jina kamili na siku aliyozaliwa. Ukimaliza, anza na wajukuu. Siku ya nne tulikunywa dawa, chungu kwelikweli, tukageuza gari. Mama mkubwa aliendelea kuamka usiku kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kikombe hakikumponya, na sitasema foleni ilimponya. Ila alikuwa na namba ya simu ya Musoma, na sikumsikia tena akisema anakufa. Alisema, "Imekuja ile yetu."

Yetu. Kabla hujavutiwa sana na neno hilo, nikukumbushe kwamba hofu nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo ya ukaribu, na mfano maarufu kuliko yote duniani umetoka nchini kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kufikia katikati ya Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Mtandaoni kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, eti nchi iliyokufa kwa kicheko. Sasa soma walichoandika madaktari Rankin na Philip waliokwenda kuchunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Kicheko kilichanganyika na kilio. Wagonjwa walihangaika, wengine wakawa wakali walipozuiwa. Walisema kuna kitu kinatembea kichwani mwao, na kwamba mtu anawakimbiza. Hiyo si furaha. Ni wasichana wenye hofu.

Vipimo havikuonyesha sumu wala maambukizi. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Taarifa ile inahesabu vizuri, inahesabu kuliko inavyosikiliza, na hatua iliyochukuliwa ilikuwa ile tuliyoizoea mpaka leo wanafunzi wakianguka mapepo shuleni: fungeni shule, kila mtoto aende kwao. Wakaenda. Hofu ikapanda nao gari. Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei. Shule ilipofunguliwa tena Mei ikabidi ifungwe tena kabla mwezi Juni haujaisha. Wenyeji walikuwa na jina lake, ugonjwa wa kucheka, na wengine waliuita akajanja, yaani wazimu.

Kwa hiyo swali langu si kama watu wakae pamoja au wasikae. Bwenini Kashasha walikaa pamoja, tena usiku na mchana. Tofauti ninayoiona ni kwamba pale hofu ilipita kutoka mwili mmoja hadi mwingine bila kupitia mdomoni. Binti wa miaka 14 kwenye shule ya misheni mwaka 1962, mbali na mama yake, chini ya ratiba na kengele, angemwambia nani kwamba anaogopa? Angesema kwa lugha gani? Kicheko kilipata ruhusa ambayo maneno hayakuwa nayo. Digodigo, kwa bahati tu na kwa sababu ya matope, maneno yalipata ruhusa.

Na maneno tunayo. "Wasiwasi" tumeupata kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, kile kinachonong'ona kifuani. Tunasema "ana mawazo" tukimaanisha anaumwa, na kila Mswahili anaelewa kwamba hapo mawazo si fikra. Kezilahabi alimwonyesha Kazimoto wa Kichwamaji, mwaka 1974, msomi wa chuo kikuu anayewaza mpaka anajiua. Tulifundishwa riwaya ile darasani kama habari ya usomi na utamaduni. Sikumbuki mwalimu hata mmoja akiuliza kama kuna mtu humu ndani anayejisikia kama Kazimoto.

Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda, mmoja wa wachache sana katika nchi nzima, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Familia haikuwa na nauli ya kumrudisha hospitali, kitu kama dola 15. Mwaka 2006 akaanza kazi katika kitongoji cha Mbare, Harare, bila wauguzi wala vyumba. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, na nafasi ya nje ya kliniki. Wakaweka mabenchi chini ya miti. Chibanda alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Bibi wakamkatalia: nani atakuja kukaa hapo akionekana na mtaa mzima? Likawa Benchi la Urafiki. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa na bibi, na asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika Malawi na Zanzibar, hata New York.

Ila kinachonivutia zaidi kiko baada ya benchi. Anayemaliza vikao na bibi anakaribishwa kwenye kikundi, Kubatana Tose, yaani kushikana pamoja, ambako waliopitia hali ile hukutana na kufuma mikoba huku wanaongea. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Aliyewahi kusuka ukili na mashangazi zake, au kuchambua maharage uani, hahitaji kuelezwa.

Zamu yangu ilikuja nikiwa na miaka 29, ndani ya daladala, kwenye kona ninayoipita kila siku. Nilishuka nikakaa ukingoni mwa barabara. Sina watoto, kwa hiyo nikataja wachezaji wa Simba, namba na jina. Baadaye nikampigia mama mkubwa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimekula. Siku hizi tunakutana waandishi watano, Jumamosi moja kila mwezi, na sheria yetu ni moja: hakuna kumwambia mwenzio "huna kitu". Wawili kati yetu wanatumia dawa za hospitali na hakuna anayewashawishi waache. Hilo la Samunge tulijifunza.

Nimeacha Uganda mwisho kwa makusudi, ingawa kwa tarehe ilitangulia Harare. Ni Masaka na Rakai, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umelipukutisha. Watafiti waliofika kule hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza watu: janga hili limewafanya nini? Wakapewa majina mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, mtu kujichukia na mtu kujihurumia. Mwaka 2002, katika vijiji 30, walijaribu kitu rahisi. Vikundi vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, kila kimoja kikiongozwa na mwenyeji wa jinsia hiyo hiyo aliyefundishwa wiki mbili tu, dakika 90 kila wiki, wiki 16. Watu walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha. Mwanzoni asilimia 86 ya waliowekwa kwenye vikundi walikuwa na vigezo vya sonona. Mwishoni asilimia 6.5. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi ilishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7. Kwa hiyo muda nao una sehemu yake, na ni vizuri namba hiyo isifichwe.

Wiki 16 zilipokwisha, watafiti walifunga daftari. Miezi sita baadaye walirudi kupima tena. Nafuu ilikuwa bado ipo, na vikundi vingi vilikuwa bado vinakutana, bila mradi, bila posho, bila mtu wa kuandika mahudhurio.