Pawabenki ya kupandia Nkungwe: soma namba ndogo, siyo ile kubwa

KIGOMA: Mtu anayetoka Katubuka, Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwenda kupanda Mlima Nkungwe asitegemee kukuta soketi njiani. Mlima huo uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mji, na ndani ya hifadhi hakuna barabara. Ni boti ziwani, kisha miguu hadi kilele cha mita 2,462, na kwa kawaida ni lazima kulala porini.

Huko simu ndiyo ramani, tochi na kamera. Ndiyo pia ya kuombea msaada mtu akiteguka mguu.

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Namba kubwa iliyoandikwa nje, mfano 10,000 mAh, ni ya betri za ndani, ambazo zina volti 3.7 hivi. Chaji ikitoka kwenda kwenye simu hupandishwa hadi volti 5, na sehemu yake hupotea kama joto. Kwa hiyo geuza pawabenki utafute maandishi madogo: nyingi za kweli huandika pia kiasi kinachotoka, mara nyingi karibu 6,000 mAh. Kwa simu yenye betri ya 5,000 mAh, hiyo ni kuijaza mara moja na nusu tu.

Kwa safari ya siku mbili inatosha. Siku tatu na picha nyingi, chukua 20,000 mAh. Mkiwa wawili, afadhali kila mmoja abebe ya 10,000, maana moja ikiingia maji kwenye boti, nyingine inabaki.

Vipi kuhusu zile za 50,000 mAh zinazoingia mfukoni? Achana nazo. Betri zina uzito wake: pawabenki halisi ya 10,000 huwa na gramu 200 hivi, kwa hiyo ya 50,000 ingekaribia kilo nzima. Omba mizani kwa muuza dagaa, upime. Ikiwa nyepesi kama sabuni ya kuogea, umeuziwa namba.

Zenye kioo kidogo cha sola mgongoni nazo zinavutia, ila kioo hicho ni kidogo mno. Kuijaza ya 20,000 kwa jua peke yake kunaweza kuchukua siku kadhaa, na joto la jua kali huchosha betri.

Kuichaji nyumbani nako kunahitaji mpango. Ya 20,000 kwa chaja ndogo ya wati 10 huchukua kama saa tisa. Umeme ukikatika saa nane usiku, asubuhi unapanda boti na nusu. Anza siku moja kabla.

Anayekuja Kigoma kwa ndege aiweke kwenye begi la mkononi, siyo la kupakiwa chini. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100, yaani karibu 27,000 mAh.

Ukishaingia msituni, weka simu kwenye hali ya ndege. Kutafuta mtandao usiokuwepo hula chaji haraka, na GPS huendelea kufanya kazi hata bila laini. Pawabenki ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na waya wa akiba, kwa sababu waya ndio huwahi kufa.

Na kile kitochi kilicholala kabatini? Kitie laini, ukizime, ukibebe. Chaji yake hukaa siku nyingi.