Thomas D'Arcy McGee, Mtu Aliyeacha Upanga

Wako watu wanaobadili mawazo kwa kutafuta faida. Wako na wengine wanaobadilika kwa kuwa wameona kweli, nao hulipa kwa damu yao. Mmoja wao ni Thomas D'Arcy McGee.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1825 huko Carlingford, Ayalandi, katika jamaa ya Wakatoliki. Siku zile Waingereza walitawala nchi yake. Mwaka 1842 alivuka bahari kwenda Marekani. Alikuwa hodari wa kusema na kuandika, hata akawa mhariri wa gazeti la Wakatoliki wa Boston kabla ya kutimiza miaka 20.

Baadaye akarudi kwao. Tangu mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula cha maskini, na watu wengi mno wakafa kwa njaa. Mwaka 1848 McGee na vijana wenziwe walijaribu kuasi, wakashindwa. Akatoroka amevaa mavazi ya padri, akafika tena Marekani.

Polepole moyo wake uligeuka. Mwaka 1857 alihamia Montreal, katika Kanada, akachaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge. Huko aliwakuta Wafaransa na Waingereza, Wakatoliki na Waprotestanti, wakitazamana kwa chuki. Akawahimiza wawe taifa moja, wala hakuacha kutetea shule za Wakatoliki. Mwaka 1863 alitoa kitabu cha historia ya Ayalandi. Mwaka 1864 alikuwamo katika mikutano ya Charlottetown na Quebec, na tarehe 1 Julai 1867 muungano wa Kanada ukazaliwa.

Lakini Wafenia, watu wa chama cha siri, walitaka kuikomboa Ayalandi kwa silaha. McGee aliwakemea waziwazi. Wengi wa kabila lake wakamwita msaliti. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1868, alipotoka Bungeni Ottawa, alipigwa risasi mlangoni pa nyumba alimopanga. Patrick James Whelan alihukumiwa, akanyongwa mwaka 1869, huku akikana kosa.

McGee alizikwa Montreal tarehe 13 Aprili, siku ambayo angetimiza miaka 43.

Je, aliwasaliti ndugu zake? Hapana. Aliwapenda mpaka mwisho, akaandika habari zao zisisahauliwe. Alichokiacha ni chuki tu. Nasi tukumbuke: kumpenda ndugu si kumchukia jirani.